Kabla uvuvi haujafungwa: Likasi, Kapolowe, Kasenga

Jumatatu, Lubumbashi hadi Likasi

Mwezi wa kumi na moja si mwezi wa kusafiri. Mvua zimeshaanza, mahindi yanasubiri kupandwa, na mwenye akili hakai mbali na jembe lake. Lakini tarehe 1 Desemba uvuvi unafungwa kwenye mto Luapula na ziwa Mweru hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na mama yangu mdogo anauza samaki wakavu katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Kila mwaka kabla ya kufungwa anawazungukia watu wake: anaagiza, anatanguliza pesa, anagombana, anarudi na mzigo. Safari hii niliomba niandamane naye. Alikubali kwa sharti kwamba magunia nitabeba mimi.

Nilikuwa na langu pia. Nimekaa katika mikutano mingi ya mjini ambako watu wenye tarakilishi huzungumzia namna ya kuzisaidia jamii za mbali zisitegemee mali moja tu ya ardhi yao. Maneno ni mazuri na chai ipo. Nilitaka kuwasikiliza wale wanaosemwa. Anayeishi kwa jiwe, anayeishi kwa samaki, kile kitu kikikosekana, wiki inayofuata anakula nini?

Mama mdogo hahitaji safari ili ajibu hilo. Mumewe alikuwa akishuka chini ya ardhi Kipushi. Mwaka 1993 mgodi ule ulisimama, na ndipo yeye alipoanza kubeba beseni la samaki kichwani. Kipushi imerudi kutoa zinki mwaka 2024, baada ya miaka thelathini na moja.

"Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana ndevu," aliniambia tukisubiri basi lijae. "Miaka hiyo yote nani alimlisha? Zinki?"

Barabara ya Likasi ni lami, kama kilomita 120, na ukitaka kuujua uchumi wa Katanga kaa tu dirishani. Malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Yanayotoka huko yamebeba salfa, chokaa, dizeli na unga wa mahindi. Tunatoa shaba, tunaingiza bukari, ugali wetu. Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, serikali yao ilitangaza janga la taifa mwezi Februari, na huku kwetu waliolia ni wanunuzi wa unga. Agosti ya mwaka huohuo Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache kwa ugomvi wa bia na vinywaji baridi, na Lubumbashi ikakumbushwa tena chakula chake kinapitia mlango wa nani.

Tulisimama Lwisha kula. Mama aliyetupakulia bukari na sombe, majani ya muhogo, analisha wachimbaji wa shimoni, na alikuwa na mengi ya kusema kuhusu kobalti. Tarehe 22 Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuiuza nje, maana bei ilikuwa imeshuka hadi karibu robo ya kilele cha 2022. Zuio likaongezwa mwezi Juni, kisha kuanzia katikati ya Oktoba likaja pimo: tani 96,600 kwa mwaka kwa nchi nzima, 2026 na 2027. Amri hiyo ina hoja. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia sabini ya kobalti ya dunia ina haki ya kujaribu kuinua bei. Lakini mama wa Lwisha hakuwa akizungumzia dunia. Alisema wachimbaji siku hizi wanakula bukari bila nyama, wengine kwa deni, na kitu kilichonenepa kwake ni daftari la madeni.

"Una shamba?" mama mdogo akamwuliza.

"Ninalo. Nilimwachia dada yangu, hapa palikuwa na pesa zaidi."

"Mrudie dada yako, mvua haijakwenda mbali."

Likasi tulifika jua likizama. Hakuna zaidi ya kuandika, mgongo uliuma.

Jumanne, Likasi

Shemeji wa mama mdogo anakaa Panda, katika nyumba ya matofali ya kambi ya zamani ya wafanyakazi, na ndiye niliyetaka kumsikiliza kuliko wote. Aliingia kiwandani kijana, enzi ambazo kazi ilikuja na kila kitu: nyumba, posho ya unga, shule ya watoto, hospitali, maziwa ya mtoto mchanga, mpaka jeneza. Utaratibu huo uliwekwa na Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, na Gécamines, kampuni ya serikali, iliurithi baada ya serikali ya Mobutu kuichukua migodi mwaka 1967. Watu waliiita kampuni baba na mama, na hawakuwa wakifanya utani.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ikaporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji wa miji. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai, zikiwa na mafundi wengi, zikafukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala stesheni zikingoja treni. Shemeji alipofika hapo alinyamaza, akamwomba mkewe alete maji. Kufikia 1994 shaba ilikuwa karibu tani 30,000 tu. Kisha kati ya 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakalipwa waondoke kwa hiari, pesa zote kwa mkupuo mmoja.

"Watu waliozoea kupewa unga kwa kilo," alisema, "siku moja wakapewa dola za kuhesabu. Hatukujua hata pa kuzificha."

Alinihesabia majirani kwa vidole. Huyu alinunua gari la taksi, likafa kabla ya mwaka kuisha. Yule alifungua duka la bia, akawa mteja wake mkubwa. Mwingine alioa tena. Wengi walilipa tu madeni ya miaka waliyokaa bila mshahara, na hapo ndipo pesa ilipokwisha. Hawakuwa wajinga wala walevi. Nasisitiza hilo kwa sababu mjini hadithi ya pesa za kuondoka husimuliwa kama kichekesho.

Nilimwuliza yeye alifanya nini.

"Nilimwuliza mke wangu."

Mkewe, aliyekuwa akichambua lengalenga mlangoni, akacheka bila kuinua kichwa. Tangu mishahara ilipoanza kuchelewa alikuwa akivuka kwenda kulima nje ya mji: mahindi, muhogo, baadaye mboga za kumwagilia wakati wa kiangazi. Mumewe hakutaka watu wajue, ilikuwa aibu mke wa mfanyakazi kushika jembe. Pesa ya kuondoka ilinunua pampu, mbegu na mbolea, kwa shamba ambalo tayari lilikuwa na njia yake ya sokoni. Hawakuanza kitu kipya wakiwa na hofu. Walikuza kilichokuwepo.

Kwenye mikutano tunaambiwa kwamba miji ya migodi ilikosa elimu ya ujasiriamali. Niliyoyaona Panda yananiambia jingine: nyumba zilizosimama ni zile ambazo mwanamke alikuwa na pesa yake ambayo kampuni haikuijua. Sisemi jembe ni dawa ya kila kitu. Nyumba ya tatu kutoka hapo kuna mjane aliyekuwa na shamba zuri kuliko hilo, hadi kibali cha uchimbaji kikatolewa juu yake; fidia alipewa kwa mazao yaliyosimama siku ya kuhesabu, ardhi yenyewe haikuhesabiwa. Shamba lisilo na karatasi linakulinda na kufungwa kwa mgodi, halikulindi na kufunguliwa kwa mwingine.

Mchana mama mdogo aliuza sokoni vitenge alivyokuja navyo. Haendi mahali mikono mitupu, wala harudi hivyo.

Jumatano, Kapolowe

Ziwa Tshangalele lina umri unaojulikana. Mwaka 1930 mto Lufira ulizibwa kule Mwadingusha ili viwanda vya shaba vipate umeme, maji yakajaa bonde la nyuma, na wavuvi wakafuata maji. Leo samaki wa Kapolowe, tilapia na kambale, wanajulikana Lubumbashi nzima, na tangu 1982 bonde la Lufira limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za biosfia. Watu hawa basi wanaishi kwa kitu ambacho mgodi ulikiacha bila kukusudia. Mitambo ya Mwadingusha imekarabatiwa, na tangu 2021 inatia megawati 78 katika gridi ya taifa kwa ajili ya mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Kijiji tulichofikia kinawasha taa ndogo za jua.

Kuna zawadi nyingine ya mgodi. Kwa miongo mingi maji machafu ya viwanda vya Likasi yameshuka na mto Panda, yakaingia Lufira, yakafika ziwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima shaba na kobalti katika matope na katika samaki. Wavuvi hawahitaji kupimiwa. Wanajua ni upande gani nyavu hutoka na samaki wachache, na mama mdogo naye anajua: alimwuliza kila muuzaji samaki ametegwa wapi, na aliyejibu kwamba ni pale mto unapoingilia alishukuriwa na kuachwa. Hatari ya bei wanaweza kuizungukia kwa kulima na kufuga. Hatari ya maji inawafuata mpaka bustanini, kwa kuwa ndiyo maji hayohayo ya kumwagilia.

Jioni tulikaa na vijana wa kamati ya kijiji. Mmoja ana sheria ya madini ya 2018 ndani ya simu yake, na anaisoma kwa sauti kama Injili. Nilimwomba aniwekee hesabu chini ya mfano, naiandika hapa kwa sababu wengi wetu mjini hatujawahi kuifanya. Kampuni ikiuza shaba ya dola milioni 100 kwa mwaka, mrabaha ni asilimia 3.5, yaani dola milioni 3.5. Nusu inakwenda serikali kuu, asilimia 25 inakwenda mkoani, 15 kwenye utawala wa mahali, iwe usultani, sekta au komuni, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 ni dola 525,000. Tena kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, dola 300,000, zinazosimamiwa na chombo ambacho wawakilishi wa wenyeji wamo ndani. Juu yake kuna daftari la masharti, ambamo kampuni na kijiji wanaandikiana kazi za kufanya na tarehe.

Ni pesa za kweli na sheria ni nzuri kuliko ile ya 2002. Hofu yangu ni kwamba zinashuka kutoka juu, mara moja kwa mwaka, kwa mkono mmoja, nazo zinapanda na kushuka pamoja na bei ya shaba. Watu wa Panda walishaishi na mkono wa namna hiyo. Kamati ilikuwa imeandika orodha yake: shule, zahanati, kisima. Hakuna wa kupinga kisima.

"Ghala mmeandika?" aliuliza mama mdogo.

Hawakuwa wameandika.

Hapo akawapa somo ambalo sijalisikia kwenye mkutano wowote. Mwezi wa tano mahindi yanapotoka, kila mtu anauza siku moja kwa sababu kila mtu ana deni na ada ya shule, na wafanyabiashara wa mjini wanachukua kwa bei wanayotaka. Januari na Februari, miezi ya njaa, watu walewale wanayanunua tena mahindi yao kwa meka, kipimo cha sokoni, kwa bei inayowafanya waape. Faida ya kilimo chao inapitia katikati ya miezi hiyo, inaishia mjini. Ghala kavu, mizani, na kikundi chenye akiba ya kumkopesha mwenye ada ya shule asiuze Mei: mambo hayo matatu, alisema, yana thamani kuliko semina zenu.

Alisema "zenu" akiniangalia mimi.

Alhamisi, Lubumbashi

Kurudi, kufua, mvua. Malori ya Kasenga yalikuwa yamejaa. Tulipata nafasi juu ya lori moja la chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa karibu yote ya mama mdogo na wenzake wa soko, ya kukaushia samaki.

Ijumaa, barabara ya Kasenga

Zaidi ya kilomita 200 kuelekea kaskazini mashariki. Kutoka tu mjini unakutana na makala, yaani mkaa: magunia marefu yaliyofungwa kwa majani mdomoni, baiskeli zilizopakiwa mpaka mwendeshaji haonekani, akisukuma kwa mikono. Lubumbashi inapikia makala, umeme upo wa kukatika, na kila mwaka waendesha baiskeli wanatoka mbali zaidi kwa sababu miombo ya karibu imekwisha. Kazi nyingine zikifa, makala ndiyo kazi ya kwanza kuwapokea watu. Haihitaji mtaji wala kibali ambacho mtu atakiuliza kwa dhati, na inalipa wiki hiyohiyo. Ndiyo maana nasita kuihesabu miongoni mwa njia za watu kujikimu: inakula msitu ambao mwezi huu, kando ya barabara hiyohiyo, ulikuwa ukiuza uyoga kwenye mabeseni na masuku, matunda ya porini, kwenye vikapu. Nilinunua uyoga. Mama mdogo alinunua pia, akausifu mbele ya muuzaji ili ashushiwe, nami sijui mantiki ya mbinu hiyo lakini ilifanya kazi.

Kasomeno tulisimama muda mrefu kwa sababu ambayo haikuelezwa. Hapa barabara inagawanyika, moja kwenda Pweto, nyingine Kasenga. Dereva alisema patakuwa mji mkubwa barabara mpya ya kwenda Zambia ikijengwa, na daraja juu ya Luapula. Anaweza kuwa na haki. Wanawake wanaouza ndizi za kuchoma pale hawakuwa wamengoja daraja.

Usiku, Kasenga. Mbu.

Jumamosi, Kasenga

Asubuhi mtoni. Maji ya Luapula yana rangi ya chai ya maziwa mwezi huu, na upande wa pili ni Zambia, karibu kiasi cha kusikia redio zao. Wavuvi walikuwa wakikimbizana na tarehe: mitumbwi inaingia na kutoka, nyavu hazikauki. Nao wanajua vizuri maana ya samaki kwisha, kwa sababu Kasenga ilishaona.

Wazee wanaisimulia hivi, na vitabu vinakubaliana nao. Migodi ya Katanga ilipokuwa ikikua ilihitaji posho ya samaki kwa wafanyakazi, na kuanzia miaka ya 1920 wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga wakiwa na boti, barafu na malori, wakivuta samaki wa Luapula na Mweru mpaka Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa. Samaki mkuu alikuwa mpumbu. Mvua zikianza mpumbu walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga, na hapo ndipo walipongojewa kwa nyavu, wakiwa na mayai. Kufikia miaka ya 1950 biashara ya mpumbu ilikuwa imekufa. Samaki wengine walibaki: tilapia, ambao huku huitwa pale, na kambale, na baadaye chisense, dagaa wadogo wa Mweru, ambao siku hizi wengine wanawavua kwa vyandarua vya mbu. Kufunga uvuvi miezi mitatu kunatokana na historia hiyo. Ni amri inayolinda mali, na inawanyima watu mali hiyo kuanzia Desemba, wakati ghala za mwaka uliopita zinaelekea kwisha na mahindi mapya bado ni majani.

Mchana nilialikwa kwenye uwanja wa kanisa, kwenye kikao cha AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka akiba na kukopeshana. Njia hii haikuzaliwa kwetu, ilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, lakini mtu aliyekulia kwenye likelemba, mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu, anaielewa mara moja. Kila kikao mwanachama ananunua hisa, moja hadi tano, si zaidi, ili mwenye nacho asiwameze wengine. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, zinaingia katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu, sanduku kwa wa nne. Anayekopa hazidishi mara tatu ya akiba yake. Kuna bakuli la pembeni kwa ajili ya ugonjwa na msiba, ambalo halirudishwi. Mwisho wa mzunguko wanagawana kila kitu pamoja na faida ya mikopo, wanaanza upya.

Vikundi vingi nilivyoviona mjini hugawana Desemba, ili pesa iliwe Krismasi na watu wavae nguo mpya. Hawa waliuhamisha mgao wao hadi wiki ya mwisho ya Novemba. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ndogo ambayo kila mtu anainyamazia, alinieleza: samaki anafungwa tarehe moja, mbolea inahitajika mahindi yakifika magotini, viwavi jeshi wakija dawa haingojei. Pesa ifike hapo katikati. Maharagwe wanapanda mwishoni mwa Januari, kwa hiyo wanabakiza kidogo. Maembe, ambayo mwezi huu yanaoza chini kila uwanja, wameanza kuyakata na kuyakausha, ila wateja hawajapatikana. Alisema hilo bila kupamba, na nilimwamini kwa yote mengine kwa sababu hiyo.

Kisha akamgeukia mama mdogo, na mimi nikaona sababu ya safari nzima ikigeuka.

Kwa miaka mama mdogo ametanguliza pesa kabla ya kufungwa. Wavuvi na wakaushaji wanakula pesa hiyo Desemba hadi Februari, wananunua uzi wa nyavu, na uvuvi ukifunguliwa samaki wa kwanza ni wake, kwa bei iliyowekwa Novemba. Wagiriki walifanya hivyo kwa nyavu na boti. Yeye anafanya kwa bahasha. Sijawahi kuliita jambo hilo kwa jina lake, maana ndilo lililonisomesha.

"Mama," mwenyekiti alisema, "mwaka huu hatuchukui pesa yako ya mbele. Tunakupenda. Tutakula mgao wetu. Machi ukija, tutauziana kwa bei ya siku hiyo."

Wanawake walitazama chini. Mama mdogo aliuliza kama amewahi kuwadhulumu. Wakasema hapana. Aliuliza kama amewahi kukosa kuja, hata miaka ya vita. Wakasema hapana, mama. Alifungua mkoba, akaufunga. Mimi niliyekuja kuona watu wa mbali wakipata nguvu ya kukataa, niligundua sikuwa nimefikiri watamkataa nani.

Jumapili, Kasenga na njiani

Hakulala, au alilala akinung'unika, vigumu kujua. Baada ya ibada alirudi kwa mwenyekiti peke yake, wakakaa kibarazani muda mrefu. Nilisikia vipande. Alitaka ahadi ya samaki. Mwenyekiti alitaka ahadi ya chumvi na magunia kwa bei ya Lubumbashi. Walikubaliana kwamba mzigo wa Machi ataupata kwanza yeye, akilipa taslimu kwa bei ya siku hiyo, na kwamba maharagwe ya mavuno ya Mei watampelekea yeye kabla ya mnunuzi mwingine. Wavuvi wawili wanaume, ambao hawamo katika kikundi chochote, walimfuata nyuma ya nyumba wakaomba bahasha kama kawaida. Aliwapa. Kwao bei ni ileile ya Novemba.

Maembe makavu alinunua kilo chache, kwa majaribio, akilalamika kwamba yanafanana na ngozi ya kiatu. Aliyala njiani yote kabla ya Kasomeno.

Lori la kurudi lilikuwa na samaki wakavu chini na sisi juu. Kwenye kizuizi cha barabara waliuliza karatasi ya kila gunia, na hapo mama mdogo alichangamka kwa mara ya kwanza tangu jana, kwa sababu karatasi anazo na kugombana anakupenda. Tuliporudi kwenye mwendo alianza kupiga hesabu kwa sauti. Pesa ambazo kila mwaka hulala Kasenga miezi mitatu, safari hii zimebaki mkobani karibu zote. Meza ya soko la Kenya ataifanya nini Januari? Ataweka uyoga mkavu, chisense waliobaki, na pengine unga. Na Mei, alisema, atakwenda Kapolowe. Mahindi kule Mei ni rahisi sana, mtu anaweza kununua lori zima, akangoja miezi ya njaa.

Nikamwambia, "Mama, si ndicho kile ulichowaonya juzi?"

"Njo kile kile," akajibu, akijifunika turubai maana mvua ilikuwa inakuja. "Wajenge ghala basi kabla sijafika."